Kwa Mujibu wa Serikali, Ninaishi Maegeshoni

Jumatatu, 2 Juni

Nimeshinda! Mimi, Amílcar Teles, mchanganya unga wa kiwanda cha biskuti hapa Mechelen, ambaye tangu nizaliwe sijashinda hata karata za Mama. Ilikuwa bahati nasibu ya wafanyakazi. Bi Katrien wa ofisi ya utumishi alitia mkono kwenye ndoo ya siagi, akatoa karatasi, akalisoma jina langu vibaya kama kawaida yake, nami nikapiga ukelele mashine zikazimwa. Zawadi: pasi ya reli. Mwezi mzima, treni za Ulaya, panda shuka upendavyo.

Wa pili ni Ottavio Melis wa idara ya kufungasha. Kapata kikapu cha jibini. Alinipongeza kwa meno tu, macho hayakushiriki.

Nikampigia Mama pale pale. Yuko Porto. Tarehe 21 anatimiza miaka sabini na tano, na anataka kitu kimoja tu: kupanda treni ya bonde la Douro pamoja nami mpaka Pocinho, kituo cha mwisho. Marehemu Baba alikagua tiketi kwenye njia hiyo miaka thelathini. Nimemwahidi Mama safari hii mara tatu, miaka mitatu mfululizo. Mara zote yakatokea mambo. (Ndege sipandi. Mimi na ndege tulishapeana talaka.) Nikamwambia safari hii lazima, pasi imepatikana. Akajibu kwamba nisipoonekana atakwenda na jirani yake, Dona Lurdes, na kuku wa kuoka wa kula njiani ataliwa na Lurdes. Mama hana utani kwenye habari za kuku.

Kuna doa moja. Bi Katrien anasema mshindi alete uthibitisho kwamba anaishi Ubelgiji, mwisho Ijumaa tarehe 13, saa kumi jioni. Asipoleta, pasi ni ya mshindi wa pili.

Huu mwaka wangu wa tisa Ubelgiji. Hapo pana ugumu gani?

Jumanne, 3 Juni

Pana ugumu.

Nilimpelekea Bi Katrien pasipoti yangu ya Ureno. Akasema pasipoti inaonyesha mimi ni wa wapi, yeye anataka kujua ninalala wapi. Nikampa kadi ya maktaba. Nikampa kadi ya kinyozi, yenye mihuri saba. Nikampa kadi ya Krismasi kutoka kwa Mama. Alivirudisha kimoja kimoja, kwa upole uliouma kuliko matusi.

Ukweli ni huu, na nauandika hapa tu. Kwenye daftari la serikali mimi bado ni mkazi wa mji jirani wa Leuven. Nilihama miaka mitatu iliyopita, sikumwambia mtu. Nilikuwa na sababu ya maana: wakazi wa Leuven huingia bwawa la kuogelea kwa bei nafuu. Kuogelea sijui. Lakini nafuu ni nafuu! Leo nimesikia kwamba ile nyumba ya Leuven ilishabomolewa. Kwa mujibu wa serikali, ninaishi kwenye maegesho ya magari.

Ottavio alisikia yote. Alikuja mezani kwangu wakati wa chakula, akafungua faili lake la plastiki. Lina vigawanyio vya rangi. Kijani, makazi. Njano, bima. Nyekundu sikuthubutu kuuliza. Akanisomesha mbele ya watu: uraia kitu kimoja, makazi kitu kingine, na pasi inataka makazi, kwa sababu katika nchi unayoishi inafanya kazi siku mbili tu, ya kutoka na ya kurudi. Kisha akaniuliza kama ninajua Vienna kukoje mwezi Juni, maana yeye anapenda kiti cha dirishani.

Sijawahi kumchukia mtu wa Sardinia kiasi hiki.

Jumatano, 4 Juni

Manispaa. Nilikata namba 88, wakati huo wanamhudumia 31. Nilikaa karibu na bibi aliyekuja na sweta la kufuma. Nilipoitwa, mkono mmoja ulikuwa umekamilika.

Mama wa dirisha la saba aliniuliza kwa nini sikuripoti kuhama. Nikasema nilikuwa njiani kuja. Miaka mitatu? Nikasema trafiki. Hakucheka. Ameandika anwani yangu mpya, lakini maandishi hayatoshi. Lazima polisi wa mtaa aje nyumbani, aone kwa macho yake kwamba kweli ninaishi pale. Nikauliza atakuja lini. Akasema, "Anakuja anapokuja, bwana. Akikupa miadi, si utaazima kitanda?" Akinikosa mara tatu, faili linafungwa na ninaanza upya. Alipoona nimepauka akanionea huruma kidogo, akasema polisi wa mtaa wangu, Afande Verhaegen, ni mchapakazi, huenda akapita kesho. Niwe nyumbani, na kengele iwe na jina.

Rahisi. Nimechukua likizo ya kesho. Ottavio amenitakia heri kwa sauti ya mtu anayefunga mizigo.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya kuishi!

Niliamka mapema, nikajipanga niishi kwa kuonekana. Kandambili mlangoni. Picha ya Mama mezani. Suruali nne kwenye kamba, upande wa barabarani. Mama mwenye nyumba, Bi Godelieve, anayekaa chini, alipanda kuniuliza kama nimefiwa, maana hajawahi kuniona nikifua siku ya kazi.

Nikakaa dirishani saa nne nzima. Nikaona posta, paka, na mtu wa kuuza madirisha ambaye alitazama kengele yangu akapita zake. Saa sita njaa ikanishika. Chipsi za mzee wa kona, na ule mchuzi wake wa nyama. Dakika kumi tu! Nani anakuja saa ya chakula?

Niliporudi, kadi ilikuwa kwenye sanduku la barua. Afande Verhaegen, saa sita na dakika kumi na nne. Aliandika hivi: "Nimekuta kliniki ya meno, imefungwa. Makazi hayakuthibitishwa." Kwa chini, kwa mwandiko mwingine wa aibu-aibu, aliuliza kama daktari anapokea wagonjwa wapya, kwani gego lake la kushoto halimpi usingizi.

Kibao! Kibao changu mwenyewe! Nilikipigilia juu ya kengele wiki niliyohamia: "Dk. Baekelmans, Meno." Nilichoshwa na wachuuzi na wachangishaji, nikajiuliza ni mlango gani ambao hakuna binadamu anayeugonga kwa hiari. Kimefanya kazi miaka mitatu. Nilishakisahau kabisa, kama mtu anavyosahau pua yake.

Nimekibandua. Nimeandika TELES kwa herufi kubwa. Chipsi zilipoa.

Ijumaa, 6 Juni

Leo sikungoja. Mwanamume hungoja? Nilimwambia msimamizi kiwandani kwamba nina homa, nikaenda kituo cha polisi kumtafuta afande mwenyewe. Wakasema yuko mtaani na baiskeli. Wakakataa kunipa miadi. Nikachukua baiskeli yangu. Nikamfuata uwanja wa soko: alikuwa ameondoka sasa hivi. Nikamfuata mferejini: alikuwa ameelekea kanisani. Kanisani: ameelekea mtaa wa kwangu! Nikaendesha nikitweta, tai imenipanda begani (nilivaa tai, nionekane mkazi).

Nilimkuta Bi Godelieve mlangoni, uso unang'aa kwa fahari. Akasema polisi amekuja kuniulizia. Nikauliza ulimwambia nini. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, bwana Teles. Nimemwambia hakuna mtu wa jina hilo hapa, wala sijawahi kumwona."

Nilikaa kwenye ngazi.

Kosa si lake. Mimi ndiye niliyemfundisha. Miaka mitatu namletea biskuti zilizovunjika kila Jumamosi, kwa sharti moja: mtu yeyote akiniulizia, sipo, sijulikani, sijazaliwa. Mwanamke mwaminifu kiasi hiki utampata wapi? Alinionyesha hata alivyotikisa kichwa. Alitikisa vizuri sana.

Mara mbili. Imebaki moja.

Jumamosi, 7 Juni

Mama alipiga. Kashanunua kuku. Nikamwambia bado wiki mbili. Akasema kuku yuko hai, anamfuga, anamnenepesha, na kila asubuhi anamwambia "Amílcar anakuja" halafu kuku anamtazama kwa mashaka.

Akauliza kama makaratasi yamekamilika. Nikasema yanakamilika. Akasema, "Mwanangu, baba yako miaka thelathini hakuna abiria aliyemdanganya. Wewe ulikuwa ukimdanganya kila siku kabla ya chai." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema magoti yake hayapendi tena ngazi za treni, na mwakani huenda yakagoma kabisa, kwa hiyo nisimwahidi mwakani.

Nilikata simu nikaosha sufuria moja. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Jumatatu, 9 Juni

Nilijifungia ndani tangu saa moja asubuhi; kwa kiwanda bado nina homa. Chipsi zilinunuliwa mapema. Kengele nilijaribu mara kumi na mbili. Bi Godelieve amepewa mafunzo mapya: nipo, ananijua, nakoroma. Alifanya mazoezi kwa sauti kwenye korido.

Hakuna aliyekuja. Hata posta. Mtaa kimya kabisa.

Saa tisa Bi Godelieve alipanda na kipande cha keki, akaniuliza kwa nini sijatoka, hali leo ni Jumatatu ya Pentekoste na nchi nzima iko mapumzikoni. Miaka tisa! Nimejifungia siku nzima kumngoja polisi ambaye yuko pwani na familia yake.

Keki ilikuwa ya tufaha. Nzuri.

Jumanne, 10 Juni

Ottavio ameleta ramani ya Vienna kiwandani. Kaibandika kabatini kwake kwa ndani, lakini kabati analiacha wazi. Aliniambia hana kinyongo, ila tarehe 13 ni tarehe 13. Nikamwambia nitamletea uthibitisho na atautafuna. Akaniuliza kwa upole kama nina faili la kuutilia.

Nilichanganya unga kwa hasira mpaka msimamizi akanipongeza.

Hapo ndipo wazo likanijia, mbele ya pipa la mdalasini. Afande hatoi miadi. Sawa. Lakini afande ANATAKA miadi! Ana gego! Polisi anayemtafuta Teles huja anapokuja. Polisi anayetafuta daktari wa meno huja dakika tano kabla ya saa. Nilipotoka kazini nikapitisha barua kituoni, kwa mwandiko wa kitabibu: "Dk. Baekelmans atakupokea kesho saa nne asubuhi." Nikarudi nyumbani nikakipigilia kibao upya, juu ya TELES.

Mpango ni safi. Anagonga, nafungua, namwambia ukweli pale pale mlangoni, anaona kandambili, anaandika, anakwenda. Dakika mbili. Jamani, kichwa hiki!

Jumatano, 11 Juni

Alikuja saa nne kasoro dakika tano. Mkubwa, masharubu ya manjano, kashika shavu, macho ya mtoto aliyeamshwa. Nilitakiwa kumwambia ukweli mlangoni.

Sikumwambia. Alinitazama kwa tumaini kubwa mno. Halafu nilikuwa nimevaa koti langu jeupe la kiwandani. Sijui kwa nini nililivaa, nadhani kwa ukamilifu. Akasema, "Asante sana kunipokea, daktari." Nikamkalisha kiti cha jikoni. Akapanua mdomo. Nikawasha tochi ya baiskeli.

Lilikuwa gego baya. Hata mimi niliona. Linacheza kama mlango wa banda. Nikasema "Mmm." Akasema "Ah?" Nikasema "Mmm" tena, kwa uzito zaidi. Akaniuliza, mdomo wazi, mbona koti langu limeandikwa "Idara ya Unga."

Nikasema yote. Kibao, wachuuzi, Leuven, bwawa, chipsi, Bi Godelieve, pasi, Mama, kuku. Nilisema haraka sana na tochi bado inawaka. Alifunga mdomo polepole. Akatoa daftari. Akauliza, "Kwa hiyo wewe si daktari." Si daktari. "Na hapa si kliniki." Si kliniki. "Unaishi hapa?" Naishi! Akasimama, akatembea. Akaangalia mswaki. Akaangalia kitanda. Akaangalia sinki, masufuria ya tangu Jumapili. Akatikisa kichwa akasema hati watu wanaghushi, jina la kengele wanaghushi, lakini uchafu wa namna hii hakuna awezaye kuughushi, huu ni wa mkazi.

Ameandika: MAKAZI YAMETHIBITISHWA! Na juu ya habari ya kujifanya daktari, alisema angeweza kuniandikia ukurasa mzima, lakini mtu aliyemkosa mara mbili akamwalika mwenyewe ya tatu hajamwona katika miaka ishirini ya kazi, angependa kuwasimulia wenzake kwanza. Kibao alikibandua kwa mkono wake. Nikalia. Kidogo.

Nikamkaribisha biskuti ya mdalasini, ile ngumu, toleo la wazee. Akaing'ata upande wa kushoto. Krak! Gego likabaki kwenye biskuti. Alilitazama. Nililitazama. Akapapasa shavu, akafumba macho, akasema kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hasikii maumivu.

Aliondoka anapiga mluzi. Kitaalamu, basi, nimemtibu.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikata namba 64. Dirisha la saba. Mama yule yule. Taarifa ya polisi imefika, akagonga muhuri, akanipa cheti cha makazi. Karatasi moja, lakini ina joto, imetoka kwenye mashine sasa hivi. Sikai tena maegeshoni!

Nilifika kwa Bi Katrien saa kumi kasoro dakika tisa. Ottavio alikuwa kashakaa kitini na kitambulisho mkononi. Alisimama mwenyewe, akaniachia kiti. Bi Katrien akajaza pasi: jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi ya makazi Ubelgiji, namba ya pasipoti. Akanionya mara tatu kwamba pasipoti hiyo hiyo ndiyo nitembee nayo, si nyingine, si nakala, si picha ya simu.

Mlangoni Ottavio akanishika mkono. Nilidhani ananipiga. Alinipa faili la plastiki, jipya, lenye vigawanyio. Akasema alilinunua Jumanne, endapo ningefanikiwa. Akasema naye ana mama, Cagliari, kisiwani kwao Sardinia, na reli haivuki bahari.

Nikamwambia Vienna mwezi Juni kuna mbu.

Nimejuta. Nimemrudia nikamwachia biskuti.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika ndani ya treni, meza inatetemeka.

Nilitumia treni saba na siku tatu kufika Porto, na sikupotea ila mara mbili. Asubuhi hii Mama alikuwa kituoni saa moja kabla, kavaa gauni la buluu na kofia ya kazi ya Baba kaitia kwenye mfuko. Ngazi za treni zilimsumbua. Nikamwinua. Ni mwepesi, sikujua kama amekuwa mwepesi hivyo.

Mto uko dirishani, karibu uguse magurudumu. Mkaguzi wa tiketi alikuja, kijana mnene mwenye adabu. Nikafungua faili. Kijani, makazi. Pasi, pasipoti, cheti. Aliisoma pasi, akalinganisha namba, akasema kila kitu sawasawa, bwana Teles. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Ndipo Mama akatoa ile kofia akaiweka mapajani, akamwambia mume wake alikagua behewa hili, na huyu hapa ni mwanawe, na makaratasi yake yamekamilika. Mkaguzi akavua kofia yake. Mama akaanza kuwapitishia abiria cheti changu cha makazi, kiti baada ya kiti, kama picha ya mtoto aliyezaliwa. Kimerudi na doa la zeituni. Sijawahi kuwa na furaha kama hii, na sioni haya kuiandika.

Tukamla kuku. Nilimwonea huruma, lakini alikuwa mtamu.

Pocinho tulimkaribisha mkaguzi paja. Akiwa anakula akaeleza tu, kwa mazungumzo, kwamba raha ya pasi yangu hapa Ureno ni kwa kuwa naishi Ubelgiji. Ningekuwa mkazi wa Ureno, ingenifaa Ureno siku mbili tu, ila Ubelgiji ningepanda treni mwezi mzima bila kuulizwa.

Nikaacha kutafuna.

Mwezi mzima. Nyumbani kwenda kiwandani. Kiwandani kwenda nyumbani. Jumapili pwani. Na bahati nasibu ya mwakani bado miezi kumi na mbili tu, muda wa kutosha kabisa kuhamia kwa Mama kwenye makaratasi!

Nimemuuliza Mama, hivi hivi tu, kama kengele yake ina nafasi ya jina jingine. Kasema nafasi hakuna: juu kuna kibao chake, "Mkunga", alichokifunga kwa skrubu mwaka juzi kwa sababu ya wachuuzi.

Nimemuuliza kama ana bisibisi.